Mungu Mwenye Pointi 400 za Uhai

Mwaka 1980, Zeus alipewa pointi 400 za uhai. Odin naye akapewa 400. Aliyewapa ni kampuni ya michezo iliyoitwa TSR, ya mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani, ndani ya kitabu kiitwacho Deities & Demigods. Ukikifungua unakuta miungu ya Wagiriki, ya Wamisri, ya Wahindi, ya Wachina, imepangwa kama wachezaji wa ligi: huyu nguvu zake ni hizi, silaha yake ni hii, ukimpiga kiasi hiki anaanguka. Kwenye chapa za kwanza kulikuwa pia na sura ya ajabu kidogo, ya Cthulhu na jamaa zake, madubwana yaliyobuniwa na mwandishi mmoja wa majarida ya bei rahisi nusu karne tu kabla ya hapo. Nao walipangiwa jedwali lao kama wengine.

Sura hiyo haikukaa. Haki za kumtumia Cthulhu kwenye michezo zilikuwa mikononi mwa kampuni nyingine, Chaosium, na baada ya muda TSR wakaiondoa pamoja na sura ya ulimwengu wa Melniboné. Kitabu kikapungua kutoka kurasa 144 hadi 128. Lakini mgeni mwenyewe hakuondoka. Miaka zaidi ya arobaini baadaye, karibu kila ulimwengu wa fantasia unaochezwa kwa dadu una mungu wa aina yake mahali fulani: amelala, au amefungwa, au ana minyiri kama pweza, au hajui kama tupo. Swali langu ni kama mungu huyo bado anatisha. Na kama anatisha, anamtisha nani?

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuketi kwenye meza ya michezo hii, maelezo mafupi. Dungeons & Dragons ilitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mchezaji anashika mhusika mmoja, mtu mmoja anasimamia hadithi, na dadu zinaamua mambo ambayo maneno hayawezi kuamua. Miungu huko si mapambo. Mhusika akiwa kuhani, uwezo wake wa kuponya majeraha unatoka kwa mungu fulani mwenye jina, kwa hiyo anayetunga ulimwengu lazima atunge pia wa kuomba. Mimi huwa napenda kucheza kuhani, na ndiyo maana suala hili limenikaa rohoni. Nikikaa mezani nataka kujua ninayemwomba ni nani, na yule asiyeombeka yuko wapi.

* * *

Tuanze na chanzo. Howard Phillips Lovecraft alizaliwa mwaka 1890 mjini Providence, akafa huko huko mwaka 1937, fukara, anajulikana na wasomaji wa majarida kama Weird Tales basi. "The Call of Cthulhu" ilitoka kwenye jarida hilo Februari 1928. Wazo lake ni rahisi kulisema na gumu kulibeba: ulimwengu ni mkubwa mno, sisi ni wadogo mno, na vyenye nguvu huko nje havituchukii. Havitupendi pia. Hatumo kwenye hesabu zao. Unajua vile mtu akinunua ploti Kitengela akakuta kichuguu katikati? Hana kisirani na mchwa. Anataka tu kuweka msingi.

Hicho ndicho ninachokiita hapa kitisho cha ulimwengu. Kwenye kilele chake Lovecraft alimweka Azathoth, kipofu asiye na akili, aliyeko katikati ya vyote akizungukwa na sauti za ngoma na filimbi. Kabla yake, mwaka 1905, Lord Dunsany wa Ireland alikuwa ameandika The Gods of Pegāna, ambamo muumba mkuu amelala usingizi huku Skarl akimpigia ngoma. Siku Skarl akiacha kupiga, muumba ataamka, na miungu na dunia zote zitakwisha. Lovecraft alimpenda mno Dunsany, na ukimsoma Azathoth ngoma ile unaisikia. Tofauti ni kwamba kwa Dunsany kuna huzuni tamu, kama hadithi ya jioni. Kwa Lovecraft hakuna wa kukusimulia.

Sasa, ulimwengu kama huo unaingiaje kwenye mchezo wenye makuhani, majemadari na mazimwi ya kuua? Unaingia kupitia mlango uliofunguliwa na mtu mwingine. August Derleth alikuwa rafiki wa Lovecraft wa kuandikiana barua. Mwaka 1939, yeye na Donald Wandrei walianzisha Arkham House ili kazi za marehemu zisipotee, na kwa hilo tunamshukuru. Lakini Derleth alipoendelea kuandika hadithi zake mwenyewe ndani ya ulimwengu ule, aliupanga upya. Akaweka miungu wema wa kale waliopigana na wale wabaya, wakawashinda na kuwafunga. Akawagawia wabaya maji, upepo, ardhi na moto. Kwa kifupi, aliwapa pande.

Nimesoma mashabiki wengi wakimtukana Derleth kwa hilo, ati aliharibu. Mimi naona alifanya jambo lenye matokeo makubwa kuliko kuharibu: alitengeneza umbo ambalo michezo ingeweza kulitumia. Dungeons & Dragons hutaka kila kiumbe kiwe na upande wake, wema au uovu, sheria au vurugu. Hutaka adui awe na mpinzani, mpinzani awe na hekalu, hekalu liwe na kazi ya kumpa mchezaji. Gygax alimtaja Lovecraft kwenye orodha ya waandishi waliomwathiri, ile ya Dungeon Masters Guide ya mwaka 1979. Lakini ukiangalia mifupa ya miungu iliyokuja baadaye, ni mifupa ya Derleth iliyovikwa ngozi ya Lovecraft.

* * *

Mfano mkubwa ni jela. Mwaka 1982 Gygax alitoa The Forgotten Temple of Tharizdun, safari ya kuingia hekalu la mungu ambaye hata jina lake karibu lisahaulike. Tharizdun amefungwa. Kinachonivutia kwenye kazi hiyo ni kwamba mungu mwenyewe haonekani. Kuna kumbi, kuna giza, kuna mabaki ya ibada, na kuna hisia kwamba kuna kitu kilichokuwa kikisubiri hapo na hakikukusubiri wewe. Mchezaji anatoka na mali kidogo na wasiwasi mwingi. Hiyo ni kazi nzuri.

Kisha wakaja waelezaji. Toleo la nne la mchezo, mwaka 2008, lilisema Tharizdun ndiye aliyepanda mbegu ya uovu iliyozaa shimo la mapepo, na miungu mingine ikamfunga kwa sababu hiyo. Sasa ana kosa, ana kesi, ana hukumu. Tunajua alifanya nini na nani walimkamata. Mungu aliyefungwa ni mungu anayejulikana, na kama kuna aliyeweza kumfunga, basi ulimwengu una askari jela. Mimi nikijua mbinguni kuna askari jela, nalala.

Ulimwengu wa Golarion, wa mchezo wa Pathfinder unaotolewa na kampuni ya Paizo, una mfungwa wake pia: Rovagug, mharibifu, aliyefungiwa ndani kabisa ya sayari yenyewe. Hapa lakini watunzi walipata kitu. Ili kumfunga, miungu isiyopatana ilibidi ishirikiane. Sarenrae, mungu wa jua na msamaha, alipigana bega kwa bega na Asmodeus, bwana wa kuzimu, na ni Asmodeus aliyebaki na ufunguo. Hebu fikiria! Serikali ya nusu mkate, mbinguni. Kila mtu anayeomba kwa Sarenrae anajua kwamba usalama wake uko mfukoni mwa shetani, na kwamba mungu wake alitia sahihi. Hilo linanikosesha usingizi zaidi kuliko Rovagug mwenyewe. Lakini ni hofu ya siasa. Kitisho cha ulimwengu kimegeuka kuwa kisa cha wakubwa kugawana madaraka, kisa ambacho sisi Wakenya tunakijua bila kuhitaji dadu.

Njia ya pili ni mkataba. Mwongozo wa mchezaji wa mwaka 2014 unamruhusu mhusika awe mchawi ambaye nguvu zake zinatoka kwa mmoja wa wale wa kale wa nje ya ulimwengu. Tharizdun yumo kwenye orodha ya mifano. Cthulhu yumo, amerudi kimya kimya kupitia mlango wa nyuma. Na kitabu kinasema jambo ambalo nadhani ndilo la Lovecraft kuliko yote yaliyomo: huenda mfadhili wako hajui kwamba upo.

Mfadhili asiyejua kwamba upo! Mtu aliyewahi kuandika ombi la ufadhili Nairobi hahitaji kufafanuliwa. Lakini tazama kinachotokea mezani. Msimamizi wa mchezo anahitaji mtu wa kuzungumza naye, kwa hiyo baada ya vikao viwili mfadhili anaanza kunong'ona. Kisha anatoa maagizo. Kisha ana sauti nzito na ucheshi wa kejeli, na kabla hujajua Cthulhu amekuwa bosi. Nimeona hali hii mara nyingi. Mara moja tu nimeona msimamizi akikataa. Katika kampeni nzima, mfadhili wa mchawi wetu hakusema neno. Uchawi ulifanya kazi, basi. Mchezaji wake alianza kutafsiri kila kitu: mvua, dadu ikianguka chini ya meza, jina la kijiji lililojirudia. Akaanza kutuambia "yeye anataka" hivi na vile, na sisi wote tukijua kwamba hakuna aliyetaka chochote. Kufikia mwisho alikuwa ametufanya tuchome mji kwa amri ambayo haikutolewa. Sijawahi kuona pepo wa minyiri akifanya hivyo.

* * *

Hapa ndipo suala la nambari linaponirudia. Mchezo wa Call of Cthulhu, wa Sandy Petersen, ulitolewa na Chaosium mwaka 1981, na ulifanya jambo moja la busara. Mungu huko pia ana takwimu, lakini nambari inayotisha iko kwenye karatasi yako wewe. Una pointi za akili timamu. Ukimwona Cthulhu unarusha dadu. Hata ukifaulu unapoteza hadi 10, na ukishindwa unaweza kupoteza hadi 100, yaani akili yote. Wewe ndiye unayepungua. Kwenye Dungeons & Dragons hesabu inaelekea upande wa pili: unapanda leveli, unapata panga bora, na 400 zinaanza kuonekana kama lengo. Chenye pointi za uhai kinaweza kuuawa, na vijana wanne wenye njaa na wikendi ndefu watakiua.

Kuna watakaonijibu kwamba hata kwenye hadithi ya asili Cthulhu aligongwa na meli kichwani. Ni kweli. Baharia Johansen alimgonga na chombo cha mvuke, na kichwa kikapasuka. Kisha kikaanza kujiunga tena huku meli ikikimbia. Lovecraft aliruhusu pigo ili aonyeshe kwamba pigo halikuwa na maana. Jedwali la pointi haliwezi kuonyesha hivyo, kwa sababu kazi ya jedwali ni kulipa pigo maana.

Ukitaka kuona kitisho hiki kikiingia ndani ya kundi la miungu bila minyiri hata mmoja, soma ulimwengu wa Forgotten Realms, kazi ya Ed Greenwood na wenzake. Mwaka 1989, kwenye riwaya na vitabu vya mchezo, mkuu wa miungu, Ao, alikasirika na kuiteremsha karibu miungu yote itembee ardhini, kisha akaamuru kwamba kuanzia hapo nguvu za kila mungu zitategemea waumini wake. Mwishoni mwa riwaya ya Waterdeep, huyo Ao mwenyewe anatoa ripoti kwa aliye juu yake. Hakuna anayeelezwa ni nani. Baada ya vitabu vitatu vya miungu kugombana, unagundua mkubwa wao naye ana mkubwa. Kurasa chache tu, lakini sakafu imeondolewa.

* * *

Sasa niseme lile ambalo mazungumzo ya mashabiki hulikwepa. Lovecraft alimwogopa nani?

Mwaka 1921 ilichapishwa hadithi yake kuhusu Arthur Jermyn, Mwingereza wa ukoo wa kifahari ambaye babu wa babu zake alikuwa mpelelezi wa Kongo. Arthur anapokea sanduku kutoka Kongo. Ndani mna maiti iliyokaushwa ya "mungu" wa kike, sokwe mweupe aliyeabudiwa huko. Arthur anaangalia uso wa sokwe, anaona uso wake mwenyewe, anajimwagia mafuta na kujichoma moto. Huyo ni mmoja wa miungu yake ya mapema, na anatoka Kongo, na kitisho chake ni kuwa bibi yako. Mwaka 1927 ikatoka "The Horror at Red Hook", kuhusu mtaa wa wahamiaji Brooklyn. Na kwenye "The Call of Cthulhu" yenyewe, hebu angalia nani wanaomwabudu Cthulhu: mabaharia wa damu mchanganyiko, watu wa vinamasi vya Louisiana, kikundi kimoja cha watu wa Greenland. Wazungu wasomi wanagundua na kuwa wazimu. Weusi walikuwa wanajua tangu zamani, na walikuwa wanacheza ngoma.

Nnedi Okorafor alishinda tuzo ya World Fantasy mwaka 2011 kwa riwaya yake Who Fears Death, na zawadi ilikuwa sanamu ya kichwa cha Lovecraft. Aliandika wazi kuhusu uzito wa kuweka kichwa hicho nyumbani. Mwaka 2015 waandaaji walitangaza kwamba sanamu hiyo haitatumika tena. Ilikuwa sawa. Lakini sanamu ni rahisi kuondoa. Ngumu ni kuondoa mgawanyo wa kazi: kwamba kwenye hadithi hizi kuna wanaoogopa na kuna wanaoabudu, na sisi tumepangiwa kuabudu. Fungua kitabu chochote cha zamani cha mchezo chenye msitu wa joto. Utaona kabila lenye ngoma na nyoka mkubwa aliyelala chini ya mlima. Wachezaji wanatoka kaskazini na taa.

Victor LaValle alilipasua jambo hili mwaka 2016 kwa kitabu kifupi, The Ballad of Black Tom, kinachosimulia upya "Red Hook" kupitia kijana mweusi wa Harlem. Babake anapigwa risasi na mpelelezi mzungu ambaye anaeleza tukio hilo bila kujutia. Baada ya hapo, mungu asiyejali chini ya bahari anaanza kuonekana kwa kijana huyo kama nafuu. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. LaValle alikuwa ameonyesha jambo ambalo Lovecraft hangeweza kuliona: kutojaliwa na ulimwengu ni kitisho kwa yule aliyezoea kuwa katikati yake. Ikiwa wewe hukuwahi kuwekwa katikati, habari kwamba mbingu hazikufikirii si habari. Kilichokuua hapa chini kilikuwa kinakufikiria sana.

* * *

Na watu wengi wa upande huu wa dunia wameishi na mungu wa mbali bila kupata wazimu. Wadinka wa Sudan Kusini husimulia kwamba mbingu zilikuwa karibu na ardhi, zimeunganishwa kwa kamba, na watu wa kwanza, Garang na Abuk, waliruhusiwa punje moja ya mtama kwa siku. Abuk akatwanga zaidi. Mchi wake mrefu ukamgonga Mungu, Mungu akajiondoa, na ndege mdogo akaikata kamba. Tangu hapo kuna kifo na kazi. Ni kisa cha kutisha ukikitafakari, lakini hakuna anayepiga mayowe. Kuna mwanamke, kinu, njaa ya kawaida, na umbali. John Mbiti, kwenye African Religions and Philosophy ya mwaka 1969, alikusanya visa vya aina hii kutoka jamii nyingi, na pia alionyesha jinsi watu huendelea: wanapitia kwa wazee, kwa mizimu, kwa wadogo walio karibu.

Ajabu ni kwamba kisa kinachokaribia hiki kimo ndani ya Dungeons & Dragons, pengine bila waandishi kukusudia. Chult ni msitu wa kusini wa Forgotten Realms, na Tomb of Annihilation ya mwaka 2017, inayofanyika huko, ilikosolewa kwa namna ilivyolichukulia bara letu kama duka la mapambo. Sikatai. Lakini chini ya mapambo kuna teolojia inayonivutia. Ubtao, mungu wa Chult, alikuwa na zamu: alinde milima ya moto asitoke Dendar, nyoka wa usiku, anayekula ndoto mbaya ambazo mwenyewe ukiamka huzikumbuki. Dendar ni wa ukoo wa Cthulhu kabisa. Jina lake limo kwenye ile orodha ya wafadhili ya mwaka 2014. Ubtao akaondoka. Mji wa Omu alioupa kisogo ukageukia miungu midogo tisa yenye hila. Huko pwani, Port Nyanzaru, soko linaendelea, wafanyabiashara wanatawala, watu wanashindanisha dinosaria barabarani.

Nikisoma hapo sioni haja ya Dendar. Mlinzi ameondoka, na asubuhi mama bado anapanga matunda kwenye kibanda. Kuna mchezo mzima ndani ya hali hiyo: kuhani wa mungu aliyeondoka anafanya nini siku ya mazishi? Anamwambia nini mama wa matunda? Kitabu hakikai hapo. Kina haraka ya kufika kaburini ambako kuna wa kupigwa.

* * *

Golarion nayo ina eneo linaloitwa Mwangi Expanse, na jina hilo halinipiti hivi hivi. Mwangi ni jirani yangu, ni fundi wa simu, ni mwalimu wangu wa hesabu. Kwa Wakikuyu ni jina la mtu na pia la kizazi kizima kwenye utaratibu wa kupokezana madaraka. Watunzi wa Marekani walilifanya jina la msitu na la watu wote walioko ndani yake. Miongoni mwa watu hao wako Wazenj, na Wazenj hao ni wa bara. Mtu wa Lamu akisoma hivyo atacheka mpaka alie, kwa sababu Zenj ni jina ambalo Waarabu waliipa pwani yake.

Okot p'Bitek angelitambua jambo hili mara moja. Alisimulia jinsi mapadri walivyowauliza wazee wa Kiacholi nani aliyewafinyanga. Swali halikuwa na maana kwa wazee, na mwishowe mmoja akajibu kwamba kuna Rubanga, roho anayepinda uti wa mgongo wa watu. Basi Rubanga akaandikwa kuwa Muumba. Jedwali lilikuwa na nafasi tupu, likajazwa kwa jina la kwanza lililopatikana. Zeus na pointi zake 400, Mwangi na msitu wake, ni jedwali lile lile.

Hata hivyo nitasema ukweli: kitabu cha Lost Omens: The Mwangi Expanse cha mwaka 2021, kilichoandikwa na kundi la waandishi wakiwemo weusi wengi, ni kazi nzuri. Msitu umekuwa nchi. Kuna miji yenye siasa, kuna chuo cha uchawi cha kale kuliko vyote kaskazini, na watu wana maoni yao kuhusu wageni wenye taa. Kinachonigusa zaidi ni mji wa Mzali, unaotawaliwa na Walkena, mungu mtoto, maiti iliyokaushwa iliyoamka. Mfikirie pamoja na sanduku la Arthur Jermyn: tena maiti kavu, tena mungu, tena Afrika. Lakini Walkena anatisha kwa sababu anawajali mno watu wake. Anataka wageni wote watoke, anataka utii wote, na waliochoka na wakoloni wana sababu za kumsikiliza. Wapinzani wake ni raia wa mji ule ule. Hakuna mzungu anayehitajika ili kitisho kitambuliwe.

Kwa hiyo kwa wenzangu hapa nyumbani wanaotunga ulimwengu wao, na najua mko, kwa sababu mnanitumia kurasa zenu usiku wa manane: minyiri tunayo ya kutosha. Msinionyeshe tena mungu aliyelala chini ya Ziwa Turkana akisubiri nyota zijipange. Niambieni kwanza ni nani kwenye ulimwengu wenu aliyekuwa akidhani yuko katikati, na nani alijua siku zote kwamba hayuko. Wakisikia habari ile ile kuhusu mbingu, hao wawili hawawezi kuitikia sawa. Huyo wa pili ndiye ambaye michezo haijampa karatasi bado.

Kampeni yetu ijayo nimeomba kucheza kuhani ambaye mungu wake aliondoka kabla bibi yake hajazaliwa. Msimamizi ameniuliza swali la kitaalamu kabisa: kama mungu hayuko, uwezo wa kuponya unatoka wapi? Nimemwambia asiniambie. Wanakijiji wataniuliza swali hilo hilo kikao cha kwanza, na nataka niwe sijui.